Binti yangu anasinzia darasani na mtihani ni Novemba. Nimpe vidonge vya kukesha?

Shikamoo dada.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chanika, Dar es Salaam. Nina jambo la binti yangu linalonikosesha raha, na hapa nyumbani kila mtu ana lake la kusema, ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Binti ana miaka 17, yuko kidato cha nne katika shule ya kutwa upande wa Ukonga. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Akiamka anabandika maji ya kuoga na chai ya baba yake, anafagia uwanja, anapiga pasi sare, kisha anakwenda kituoni. Inabidi awahi magari ya kwanza, maana kukishapambazuka makonda wanawakataa wanafunzi, wanataka abiria wa nauli nzima. Anafika shuleni mapema, wanafanya usafi, wanasimama mstarini, vipindi vinaanza.

Saa tisa wenzao wanatoka, ila kidato cha nne wanabaki na masomo ya ziada mpaka saa kumi na moja. Kwa foleni ya Gongo la Mboto anaingia nyumbani saa moja usiku, siku nyingine imepita. Ananisaidia kupika, anamwogesha mdogo wake, tukishakula anaosha vyombo. Daftari analishika saa tatu na nusu. Anasoma mpaka saa sita, siku nyingine saa saba. Wenzake wamemfundisha kuweka miguu kwenye beseni la maji baridi ili usingizi usimchukue. Nimemkuta zaidi ya mara moja amelalia meza, miguu bado imo majini, mate yamelowesha daftari la Baiolojia. Nikimwamsha ananiambia, "Sijalala mama, nafikiria tu."

Hivi karibuni mwalimu wake wa darasa aliniita. Akasema mtoto anasinzia kuanzia kipindi cha pili, akiulizwa swali anashtuka, na siku moja darasa zima lilitoka mapumziko yeye kalala hajui. Kisha akanivuta pembeni: "Mama, una uhakika hana mimba?" Dada, nilitetemeka. Nikampeleka kupima siku hiyohiyo. Mimba hana, malaria hana. Alilia njia nzima tukirudi, na tangu siku hiyo haongei na mimi vizuri.

Kidato cha tatu alikuwa na daraja la pili. Mock amepata la tatu, tena la mwishomwisho. Kinachomuuma ni kwamba maswali mengi aliyasoma. Aliniambia, "Mama, ile mada nilikesha nayo jana yake. Nimeiona kwenye karatasi, kichwa kikawa cheupe."

Baba yake ni fundi ujenzi, mchapakazi sana, naye anasema tatizo ni uvivu na simu. Simu alimnunulia mwenyewe ili apate mitihani ya miaka iliyopita kwenye makundi ya WhatsApp, na ni kweli usiku huwa naona mwanga chini ya shuka. Anasema yeye alisoma kwa koroboi mpaka majogoo na hakufa. Jumapili binti akilala mpaka saa tano, baba anagonga mlango hadi nyumba nzima inaamka. Kaka yake, ambaye amemaliza kidato cha sita na karudi kutoka JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) anasubiri chuo, anamcheka na kumwita pono.

Jirani mmoja ameniambia ni jini. Mwingine ameniambia kuna vidonge wanavyotumia madereva wa masafa marefu, nimnunulie mpaka mtihani upite. Kwa sasa nampa kahawa nzito saa tatu usiku. Mdogo wangu anayekaa Ukonga, jirani kabisa na hiyo shule, anasema nimwache mtoto alale. Lakini dada, mtihani ni Novemba, atalala saa ngapi na wenzake wanakesha?

Huu ni ugonjwa, ni uvivu, au ni umri? Na hivyo vidonge nimpe?

Mama mtahiniwa, Chanika

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Vidonge usinunue. Naanza na hilo kwa sababu ndilo unaloweza kulifanya leo jioni ukapata hasara ya haraka. Kidonge cha kukesha hakimrudishii mtu usingizi alioukosa, kinamzuia tu asiusikie. Na kikiuzwa bila cheti wala maelezo, wewe na muuzaji wote hamjui kitaufanya nini moyo wa msichana wa miaka 17 ambaye mwili wake umeshachoka. Vivyo hivyo vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishasema tangu mwaka 2011 kwamba vinywaji hivyo havifai kabisa kwa watoto na vijana.

Na kahawa ya saa tatu usiku iache pia. Kafeini, ile inayoamsha iliyomo kwenye kahawa, haitoki mwilini haraka kama tunavyodhani: kwa wastani huchukua kama saa tano kupungua nusu. Kikombe alichokunywa saa tatu, saa nane usiku nusu yake bado imo kwenye damu. Kwa hiyo hata ule usingizi mfupi anaoupata unakuwa mwepesi, wa juujuu. Akitaka chai ya rangi asubuhi, mpe.

Sasa turudi kwenye ulichoniandikia, maana jibu la swali lako limo humohumo kwenye barua. Nimepiga hesabu ya siku ya binti yako. Akilala saa sita na kuamka saa kumi na nusu, amelala saa nne na nusu. Siku anazofika saa saba, ni saa tatu na nusu. Wataalamu wa tiba ya usingizi wa Marekani walikaa mwaka 2016 wakapitia tafiti nyingi na kukubaliana kwamba mwenye umri wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10 kila siku. Chukua hiyo ya chini kabisa, saa 8. Kila usiku anapungukiwa na saa tatu na nusu, tena hiyo ni siku nzuri. Kufika Ijumaa ana deni la zaidi ya saa 17, yaani kama usiku miwili mizima ambayo hakugusa kitanda. Halafu Jumapili akilala mpaka saa tano tunamgongea mlango na kumwita pono.

Hapana mdogo wangu, si uvivu. Mvivu haweki miguu kwenye maji baridi saa tano usiku. Mtoto anayefanya hivyo anataka kufaulu kuliko mtu mwingine yeyote hapo nyumbani, na kwa kweli nilipofika pale uliposema mate yamelowesha daftari la Baiolojia nilimwonea huruma sana.

Umeuliza kama ni umri. Ndiyo, na umri una mchango mkubwa. Watu wazima wengi tunaamini kwamba mtoto akishabalehe anahitaji usingizi mdogo kama sisi. Hata watafiti waliamini hivyo. Mwaka 1976, katika Chuo Kikuu cha Stanford huko California, Mary Carskadon na wenzake walianza kuwaleta watoto kwenye kambi wakati wa likizo ndefu, wakawapa saa kumi kitandani kila usiku, na wakawarudisha mwaka baada ya mwaka kuona usingizi wao utapunguaje wakikua. Haukupungua. Waliendelea kulala kama saa tisa, na zaidi ya hapo, waliokwishabalehe walisinzia mchana kuliko walivyosinzia wakiwa wadogo, ingawa usiku walilala kiasi kilekile.

Baadaye Carskadon, akiwa Chuo Kikuu cha Brown, alionyesha jambo la pili. Ndani ya ubongo kuna saa inayoongoza usingizi, na giza likiingia mwili hutoa homoni iitwayo melatonini inayoutayarisha kulala. Mtoto akibalehe, saa hiyo inasogea mbele, hata kwa saa mbili. Ndiyo maana binti aliyekuwa anasinzia saa mbili usiku akiwa darasa la tatu, leo saa nne macho makavu. Hajiendekezi, mwili ndio haujapata ishara. Na alfajiri ile unapomwamsha saa kumi na nusu, kwa saa yake ya ndani bado ni usiku mkubwa. Unamkata usingizi katika sehemu ambayo ndoto huwa nyingi, na sehemu hiyo nayo ina kazi yake kwenye ubongo.

Hapa nieleze kuhusu kichwa kuwa cheupe, kwa sababu naona hicho ndicho kiini. Binti alikwambia mada aliyokesha nayo aliikuta kwenye karatasi na haikuja. Nimefundisha sekondari miaka mingi, na sentensi hiyo nimeisikia kwa wanafunzi hodari hasa, sio wazembe.

Kusoma ni nusu tu ya kujifunza. Mchana ubongo unapokea, usiku mtu akilala usingizi mzito ubongo unayarudia yale yaliyopokelewa na kuyahamishia mahali pa kudumu. Jambo hili si geni. Mwaka 1924, katika Chuo Kikuu cha Cornell, watafiti wawili wa saikolojia, John Jenkins na Karl Dallenbach, waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, kisha wakawapima baada ya muda. Muda uleule ukipita mwanafunzi akiwa amelala, alikumbuka mengi zaidi kuliko akiwa macho. Tafiti zilizofuata kwa karibu miaka mia moja zimezidi kuliweka wazi.

Kuna utafiti mwingine nataka umsomee baba yake neno kwa neno. Watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliwafuata wanafunzi 535 wa sekondari jijini Los Angeles. Kila mmoja aliandika kila siku, kwa siku 14, amesoma muda gani, amelala muda gani, na kesho yake darasani kumekuwaje. Walifanya hivyo wakiwa madarasa tofauti hadi mwaka wa mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: mwanafunzi akipunguza usingizi ili asome zaidi ya kawaida yake, siku inayofuata alielewa kidogo darasani na kufanya vibaya zaidi kwenye majaribio. Hii ni kwa wote, wanaosoma sana na wanaosoma kidogo. Muda waliouongeza kwenye daftari uliwarudisha nyuma.

Baba yake ni fundi, basi na aulizwe hivi: ukimwaga zege jioni, halafu usiku huohuo ukapitisha toroli juu yake, asubuhi una sakafu? Binti amekuwa akimwaga zege kila siku tangu mwaka uanze na hajawahi kuliacha likauke.

Na lingine la kumwambia. Watafiti wawili huko Australia, mwaka 1997, waliwapima watu waliokaa macho muda mrefu na kuwalinganisha na watu waliokunywa pombe. Baada ya saa 17 bila kulala, utendaji wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu mwenye asilimia 0.05 ya pombe kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zinamkataza dereva kushika usukani. Sasa hesabu: binti kaamka saa kumi na nusu alfajiri, saa 17 zinatimia saa tatu na nusu usiku. Ni saa ileile anayoketi kusoma! Kila kitu mlichompangia kifanyike kwanza kinafanyika, na masomo yanabaki kwa kichwa ambacho kimeshachoka kiasi hicho.

Namheshimu baba kwa kusoma kwa koroboi. Lakini na aseme kweli kama alikuwa anasafiri kwa muda wa saa mbili kila jioni kwenye foleni ya Gongo la Mboto kabla ya kuliwasha hilo koroboi, na kama ni yeye aliyeosha vyombo vya nyumba nzima. Sisemi haya kumshusha. Nataka aone kwamba siku ya binti yake ni ndefu kuliko ilivyokuwa yake.

Na hapo tumefika kwa kaka. Umemtaja kwa mstari mmoja tu, dada yangu mdogo, lakini mimi nimesimama hapo. Kijana mzima, katoka JKT alikozoea kuamka kabla ya jua na kufanya usafi, yuko nyumbani anasubiri chuo, na mtahiniwa wa kidato cha nne ndiye anayebandika maji ya kuoga, anafagia uwanja na kuosha vyombo. Kuanzia leo mpaka mtihani wa mwisho, kazi hizo ni zake. Maji, chai, uwanja, vyombo, na kumwogesha mdogo wao jioni. Usimwombe kama hisani. Mwambie hii ndiyo zamu yake, na baba awe wa kwanza kulisema, kwa sababu likitoka kwako peke yako litaonekana ni huruma ya mama kwa binti. Ukiondoa kazi za alfajiri na za jioni peke yake, umemrudishia mtoto karibu saa mbili bila kugusa masomo yake hata dakika moja.

Halafu kuna mdogo wako wa Ukonga. Umesema anakaa jirani kabisa na shule. Kama nyumba yake ina nafasi na ina usalama, binti akae huko Jumatatu hadi Ijumaa mpaka mtihani uishe. Safari ya alfajiri inaondoka, foleni inaondoka, kugombana na makonda kunaondoka. Ataamka saa kumi na mbili kasoro badala ya saa kumi na nusu. Ila nenda mwenyewe ukaone atalala wapi na nani wengine wanalala humo, na muweke wazi kabisa na mdogo wako kwamba huyu haendi kuwa msichana wa kazi. Familia zetu zinajua kusaidiana, lakini pia zinajua kumgeuza mpwa kuwa mfanyakazi, na wewe unalijua hilo kama mimi.

Ikishindikana, mbaki Chanika mkijipanga. Sare inyooshwe Jumapili ya wiki nzima, begi lifungwe usiku, ili aamke saa kumi na moja kasoro, aoge, anywe chai aliyoikuta tayari, aende. Jioni akifika ale kwanza. Kisha asome papo hapo, saa moja na nusu mpaka saa tatu, chumbani mlango umefungwa na redio imezimwa, mtu asimtume hata dukani. Saa tatu na nusu alale. Hapo anapata saa saba na zaidi. Haijatimia nane, lakini ni mbali sana na nne na nusu. Jumamosi na Jumapili mwacheni aongeze saa moja au mbili asubuhi, ila sio mpaka saa tano, maana akizoea kulala hivyo Jumapili, usiku wake usingizi hauji na Jumatatu inaharibika. Akichoka sana mchana wa wikiendi, nusu saa ya kujilaza kabla ya saa tisa inatosha.

Utaniuliza: umesema saa ya vijana imesogea mbele, sasa atalalaje saa tatu na nusu? Siku hizi atalala, kwa sababu deni ni kubwa, ataanguka kama gogo. Deni likipungua ndipo kazi itakapoanza. Mwanga ndio unaoisogeza ile saa. Mwanga wa jua asubuhi unairudisha nyuma, kwa hiyo kutembea kwenda shuleni kukishapambazuka akiwa Ukonga, au kusimama mstarini juani, kunamsaidia. Mwanga wa usiku machoni unaisogeza mbele zaidi.

Ndiyo maana kwenye simu baba ana hoja, na nampa haki yake. Mwanga ule chini ya shuka unaichelewesha melatonini, na hata mwanga usingekuwepo, lile kundi la WhatsApp lenye ujumbe mia mbili halimwachi mtu alale. Lakini msimnyang'anye kama adhabu. Wekeni utaratibu wa nyumba: saa tatu usiku simu zote, ya kwenu na ya kaka pia, zinakwenda kuchajiwa sebuleni. Maswali anayoyataka ayanakili kwenye karatasi mapema jioni. Na mnunulieni saa ndogo ya kengele, asiwe na sababu ya kusema simu ndiyo inayomwamsha.

Wenzake wanakesha, ndivyo ulivyoandika. Wanakesha, na wengi wao wanasinzia darasani kama yeye, ila mwalimu hajawaita mama zao bado. Wanaofaulu huku wanalala wapo, sema hakuna anayejisifu kwamba jana alilala saa tatu na nusu. Kwa hizi wiki zilizobaki, mwache asome machache kwa kichwa kilichoamka. Ile saa ya kurudia usiku wa manane aihamishie kwenye muda wa masomo ya ziada, ambao sasa anaupoteza kwa kusinzia. Usiku wa kuamkia kila karatasi ya mtihani asikeshe hata kidogo, na hapa nakuomba usimwonee huruma akikusihi.

Nenda tena kwa mwalimu wa darasa, safari hii pamoja na baba. Mweleze mtoto anaamka saa ngapi na anafika nyumbani saa ngapi. Walimu wengi hawajui, wanamwona mwanafunzi akiwa amevaa sare tu. Muulizeni kama anaweza kusamehewa usafi wa asubuhi, au kama yale masomo ya ziada ya siku mbili katika wiki anaweza kuyakosa ili awahi usafiri kabla ya foleni. Hamuombi upendeleo wa ajabu. Kenya, Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka vipindi vya shule za kutwa kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri. Madaktari wa watoto wa Marekani walitaka mwaka 2014 shule za vijana zisianze kabla ya saa mbili na nusu, na California ikaliweka, kwa shule za sekondari ya juu, kwenye sheria iliyoanza kutumika mwaka 2022. Jiji la Seattle lilisogeza muda wa kuanza shule za sekondari mwaka 2016 karibu saa nzima mbele, na watafiti walipopima wakakuta wanafunzi wanalala dakika 34 zaidi kwa usiku. Watu walidhani watoto watakesha zaidi tu. Walilala. Mimi natamani sana siku moja wenye shule zetu walizungumze jambo hili kwa uzito, hasa kwa watoto wa daladala.

La jini, sitabishana na imani ya jirani. Kama mnaomba, ombeni, kisha mtoto alale.

Kuhusu ugonjwa: umepima malaria, vizuri. Sasa mpeleke kituo cha afya wakapime wingi wa damu, kwa sababu wasichana wa umri huu hupungukiwa madini ya chuma, hasa wenye hedhi nzito, na uchovu wake unafanana sana na usingizi. Angalia kama amepauka, kama moyo unamwenda mbio akipanda ngazi, kama amekuwa akinunua ule udongo wa kula sokoni. Mwambie daktari pia ikiwa anakoroma sana usiku na kuna wakati pumzi inakatika, maana mafindofindo makubwa au vinyama vya puani vinaweza kumfanya mtu alale saa nane na kuamka hajalala. Na kama baada ya wiki tatu au nne za kulala vizuri bado yuko vilevile, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, hali chakula, anajitenga, anasema maneno ya kukata tamaa, usisubiri Novemba ipite. Sonona kwa vijana ipo na inatibika.

Limebaki moja, na hili usiliache mwisho kama mimi nilivyoliacha. Kipimo cha mimba. Ninaelewa ulivyotetemeka, mzazi yeyote angetetemeka. Lakini yeye aliona kwamba amejinyima usingizi kwa ajili yenu, na siku alipoanguka, swali la kwanza mlilomuuliza lilikuwa amelala na nani. Kaa naye, baba asiwepo, umwambie kwamba uliogopa, kwamba sasa umejua alikuwa amechoka, na kwamba unaomba radhi. Kisha ndipo umweleze ratiba mpya na umuulize yeye anaonaje, kwa sababu ni yeye atakayeifuata. Mwanzoni atapinga, atasema atafeli. Mpe wiki mbili za majaribio na umwachie achague mada moja ngumu ya Baiolojia: aisome jioni, alale, ajipime kesho yake asubuhi bila kufungua daftari.

Niandikie mkishakubaliana ni Chanika au ni Ukonga.